Jina la Demarlo Redioni

Hapa Pecan Bend, Mississippi, mtu akikuambia mwanawe amefika ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kushikwa mikononi, usimwonee gere mpaka umuulize anacheza nafasi gani. Verlene Stokely alijaliwa mtoto mmoja tu, na mtoto huyo alifika, naam, lakini alifika akiwa beki wa pembeni. Na ubeki wa pembeni, jamani, ni kazi isiyo na shukrani. Ukiifanya vizuri hakuna anayejua upo. Ukikosea mara moja, nchi nzima inakujua kwa jina.

Zamani haikuwa hivyo. Demarlo alipokuwa sekondari alikuwa mkimbizaji, anakabidhiwa mpira mkononi halafu anachanja mbuga. Ijumaa jioni kipaza sauti cha uwanja wa shule kilikuwa kikiita "Demarlooo Stokely!" mpaka mbwa wa mtaa wa pili wanabweka. Verlene alikuja moja kwa moja kutoka zamu yake kiwanda cha kambale, mikono ingali inanuka samaki, akikaa safu ya mbele na kumwambia kila aliye karibu, "Huyo wangu. Mmesikia? Wangu huyo." Watu walishajua tangu wiki ya kwanza. Haidhuru, aliwaambia tena.

Chuoni kocha alimtazama miguu akasema, "Wakimbizaji ninao saba. Wewe unarudi nyuma." Ndivyo alivyogeuzwa beki. Kazi ikawa kukimbia kinyumenyume, macho kwenye kiuno cha mdakaji wa upinzani, kumganda kama kupe, ili mrushaji wao akitupa jicho upande ule aone hapatupiki, akatafute kwingine. Demarlo aliijua kazi hiyo hasa. Siku timu za ligi zilipochagua vijana hakuna aliyemtaja. Akaingia kwa mlango wa uani, akaenda kujaribiwa kwenye jiji moja la kaskazini ambako theluji huanguka kabla watu hawajamaliza kuvuna pamba huku kwetu. Akabaki huko miaka tisa.

Miaka hiyo hiyo sukari ilimmaliza Verlene macho. Demarlo akamnunulia redio ya kunasa kituo cha jiji lile, ikawekwa jikoni juu ya friji. Verlene hakuacha kanisa. Alisimama mlangoni kuwakaribisha waumini, na glovu zake nyeupe kama zamani, akiwatambua watu kwa manukato yao, kisha ibada ikiisha akarudi nyumbani mbio, akimpita hata mwenye macho aliyemshika mkono, kuiwahi redio. Na kila Jumapili, mechi ikiisha, kabla hajavua hata viatu, Demarlo alimpigia simu.

"Mama, umesikiliza?"

"Mwanzo mwisho. Sikulisikia jina lako."

"Basi nimefanya kazi vizuri."

"Kazi gani hiyo mtu analipwa asitajwe? Hata mwizi hutajwa, Demarlo!"

"Mama, ukisikia wananitaja ujue nimepitwa. Hawarushi upande wangu kwa sababu wananiogopa."

"Nami nikiwaambia akina Odessa hapa jirani kwamba wanakuogopa, nitawaonyesha nini? Ukimya?"

Alicheka Demarlo, lakini akikata simu alikaa kitambo pale benchi, kiatu kimoja mguuni. Alimkumbuka mama yake. Alilikumbuka lile jiko, mafuta yanavyolia sufuriani, mkate wa mahindi ukitolewa kwenye oveni. Na zaidi ya vyote alitamani, mtu mzima yule mwenye mabega kama mlango, kwamba mama yake amsikie akiitwa tena kama zile Ijumaa.

Mara moja tu mambo yalikaribia kuwa. Msimu wa tatu, mrushaji mmoja mgeni, asiyejua desturi, alirusha upande wake. Demarlo akaunyaka mpira hewani na kukimbia nao mpaka mwisho wa uwanja. Mtangazaji alilipaza jina la Stokely mpaka sauti ikakauka. Na Verlene alikuwa wapi? Kanisani! Ilikuwa sikukuu ya miaka ishirini ya Mchungaji Hollis kwenye kazi ya Bwana, kulikuwa na kwaya tatu za wageni, na Mchungaji naye akahubiri kama mtu aliyelipwa kwa neno. Ibada ilikwisha saa nane mchana. Mpwa wake akamletea simu ili amwekee ile sauti iliyorekodiwa, Verlene akaisukuma. "Uji uliopoa sinywi," alisema. "Nataka niusikie unapotoka jikoni." Tangu siku hiyo Mchungaji Hollis alipewa mkono wenye glovu mlangoni, ila tabasamu hakulipata tena.

Misimu ikaenda. Goti la kushoto likaanza kulia asubuhi. Demarlo akatimiza miaka thelathini na mmoja, umri ambao beki wa pembeni huitwa babu na vijana wanaooga naye bafu moja. Timu haikuzungumza habari za mwaka ujao, naye hakuuliza. Zilipobaki mechi nne, Verlene akasema kwenye simu, safari hii bila utani, "Mwanangu, hii ni ya mwisho?"

"Nadhani, Mama."

"Sijakuomba kitu tangu uondoke. Nisikilizishe jina lako mara moja. Moja tu, la furaha. Nikae nalo."

Mama aliyekata minofu ya kambale miaka ishirini na mbili kwenye kiwanda chenye barafu anakuomba kitu kimoja; utamjibuje? Demarlo alisema, "Sawa, Mama," na usiku huo huo akaanza kutafuta jinsi ya kulipa neno lake. Alitazama filamu za wapinzani wa Jumapili iliyofuata mpaka macho yakamwasha. Akaona kitu. Mdakaji wao mmoja kijana, Cordell Ames, akikimbia hatua tano halafu akifunga breki, mrushaji wao humtupia pale pale, bila kuangalia mara mbili. Mtu akiiacha nafasi yake mapema, akaruka mbele, mpira ule ni wake.

Na kuiacha nafasi ndilo jambo ambalo Demarlo hakuwahi kulifanya. Miaka tisa! Wengine waliruka, wakapata sifa na pesa za matangazo, wakapitwa na kusahauliwa. Yeye alikaa na mtu wake.

Jumapili ile, robo ya pili, Ames alisimama mbele yake akitafuna kinga ya meno. "Shikamoo, babu," alisema. "Goti halijambo?"

"Goti linakusalimu. Linasema leo hupati kitu."

Ames akatoka. Hatua tano, akafunga breki. Mrushaji akainua mkono, macho yake pale pale kama kwenye filamu. Demarlo akasikia moyo wake unasema *sasa*, na akaruka.

Mpira haukutoka. Mrushaji aliutikisa tu mkononi, na Ames, ambaye breki yake ilikuwa ya hila tu, alikuwa ameshampita mgongoni, peke yake, uwanja wote mbele yake umelala wazi. Ndipo mpira ukarushwa, Ames akaudaka na kufunga. Tamaa mbele, mauti nyuma. Wenzetu waliosema hayo hawakuwahi kuuona mpira huu, lakini walisema.

"Kaka, ulikuwa unafanya nini pale?" Rucker, mwenzake wa ulinzi, alimfokea.

"Nilidhani ata..."

"Ulidhani? Miaka tisa hujawahi kudhani hata siku moja! Leo ndiyo siku ya kuanza?"

Wapinzani walinusa damu. Walichokuwa hawakifanyi kwa miaka sasa wakakifanya bila haya: wakarusha upande wake, wakarusha tena. Goti likagoma. Beki wa akiba alikuwa ameshavunjika kidole, kwa hiyo hakukuwa na wa kumpokea. Kila mpira ulipotua, kipaza sauti cha uwanja ule wa ugenini kilitaja aliyedaka na aliyepitwa, na aliyepitwa alikuwa Stokely. Mara kumi na moja. Demarlo alizihesabu, kwa sababu kila mara aliiona redio ile juu ya friji, na mama yake amekaa chini yake, mikono mapajani.

Jioni hiyo hakupiga simu. Ilikuwa mara ya kwanza.

Jumanne yule jamaa wa ofisini, ambaye wachezaji wote hujificha wakimwona, alimkuta sebuleni mwa klabu akamwambia kwa upole, "Kocha anakuita. Njoo na kitabu chako cha mipango ya mchezo." Ukiambiwa uje na kitabu, umekwisha, hakuna haja ya kuuliza. Demarlo alikirudisha, akashikana mikono na watu, akapakia maisha yake ya miaka tisa kwenye gari, na akaendesha siku mbili kuelekea kusini mpaka theluji ikaisha barabarani.

Kwenye uzio alimkuta Odessa, jirani, akifagia majani ya mti wa pekani.

"Pole, mwanangu. Kuteleza si kuanguka."

"Asante, Mama Odessa. Alisikia?"

"Redio ile? Mimi nimeisikia kutoka barazani kwangu! Nilikwenda nikamwambia, Dada Verlene, hebu kizime hicho kitu. Akanijibu, 'Mwanangu bado yuko uwanjani. Niizime nimwache na nani?' Alikaa nayo mpaka filimbi ya mwisho."

Demarlo hakujua aingie na uso gani. Kisha akakumbuka kwamba mama yake haoni uso, akaingia.

Verlene alikuwa jikoni, anawapaka kambale unga wa mahindi kwa vidole vyake vinavyojua njia. Hakugeuka. Alizijua hatua, hata hiyo moja inayoburuta.

"Hukunipigia Jumapili," alisema.

"Sikuweza, Mama."

"Mimi nilikungoja hapa nikuambie." Akaweka samaki kwenye mafuta, yakalia. "Nilisikiliza mechi mwanzo mwisho. Sikulisikia jina lako."

Demarlo alijishika kwenye mlango wa friji. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. Mama yake akangoja, kijiko cha kugeuzia mkononi, kama alivyongoja kila Jumapili kwa miaka tisa.

"Basi," alisema mwishowe, "nimefanya kazi vizuri."

"Umeifanya," alisema Verlene. "Nawa mikono, uje ule."