Chai Niliyotakiwa Kuionja Kwanza

Mwili wangu ulipoanza kuwaka moto wenyewe, sikujua kwamba ni ukomo wa hedhi. Nilimlaumu mume wangu kwa kufunga dirisha. Baridi ya huku kwetu Nyanungu unaijua, watu wanavaa sweta hadi saa nne asubuhi, na mimi nimekaa mlangoni najipepea kwa mfuniko wa sufuria. Mume wangu akasema, "Mama watoto, ukiendelea hivi tutakuanikia mahindi mgongoni."

Binti yangu, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyenipeleka zahanati. Nesi akaniambia huo si ugonjwa, ni umri, na nyumbani naweza kujisaidia: nguo nyepesi za pamba, nipunguze pilipili, niache chai ya moto kama naona ndiyo inayonichokoza, nitembee kila siku. Hilo la kutembea lilinishinda siku ya tatu. Mimi ni mtu wa kukaa kwangu. Halafu huku kwetu mwanamke mzima akipita njiani hana ndoo, hana jembe, hana mzigo, watu wanaulizana nani amefariki. Nilipojibu "natembea tu", jirani aliniangalia kwa huruma, akanisindikiza mpaka nyumbani.

Lakini chai niliiacha. Nikawa nakunywa uji wa ulezi uliopoa, na kweli ule moto ukapungua. Nikajivuna kama mtu aliyeongoza mtihani, mimi ambaye kidato cha nne nilikimaliza kwa kusukumwa.

Ndipo wakaja wakwe. Alikuja kijana aliyemchumbia binti yangu, na shangazi yake, aliyetumwa na ukoo kutuangalia ni watu wa namna gani. Neno la huyo mama ndilo lingeamua kama posa inaendelea au inaishia hapo. Binti yangu akanivalisha kitenge kizito, kilemba, na sweta juu yake, maana mkwe haoni mabega ya mama mkwe.

"Mama, leo usijipepee," akaniomba. "Leo tu."

Chai ya maziwa ikamiminwa, inatoa mvuke. Nikawakaribisha. Shangazi akashika kikombe, akakiweka gotini. Kijana naye akasubiri. Nikatabasamu, nikawakaribisha tena. Hakuna aliyekunywa. Binti yangu akanikanyaga mguu, ndipo nikakumbuka: kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, ili mgeni ajue hakuna kilichotiwa. Miezi miwili ya uji uliopoa ilikuwa imenisahaulisha adabu ambayo mama yangu alinifundisha kwa makofi.

"Mkwe," shangazi akasema taratibu, "chai yako mwenyewe unaiogopa?"

"Siiogopi. Nimeacha chai tu."

"Umeiacha leo?"

Nikanywa nusu kikombe kwa mkupuo, kwa hasira. Moto ukaanzia kifuani, ukapanda shingoni, jasho likatiririka kutoka kwenye kilemba mpaka kidevuni. Hebu fikiria: mwenye nyumba amegoma kuonja, amelazimishwa, ameonja, na sasa analowa jasho mbele ya wageni. Hata mimi nisingeinywa chai hiyo.

Kijana akaweka kikombe chake chini. Binti yangu akainamisha kichwa. Na mambo ya hedhi hayatajwi mbele ya mkwe wa kiume. Nikinyamaza, mimi mchawi. Nikisema, mimi sina haya. Yaani nimelea watoto, nimelima, nimezika, halafu nije nishindwe na majani ya chai.

"Sijatia kitu," nikasema. "Ni umri. Damu imekoma, na chai inaniwasha. Nesi aliniambia niiache." Nikavua sweta.

Kijana akasimama, akasema anakwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe walikuwa malishoni tangu asubuhi, ila hakuna aliyemwambia.

Shangazi akacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. "Ungesema mapema, mkwe wangu. Tungemtoa mtoto nje." Akagusa kikombe chake. "Ona sasa, imepoa. Na watu wanaokuja kuoa kwenu mnawanywesha chai baridi?"

Aliposema kuoa, binti yangu akainua kichwa. Akachukua birika, akakimbilia jikoni kuipasha chai. Iliporudi inachemka, shangazi akanisogezea kikombe changu.

"Hii ni nyingine," akasema. "Onja."

Nikavua na kilemba, nikaonja.