Kulifuata Kaptula Geita

Tarehe 12 Aprili 1982 nilimpoteza mume wangu, Masanja, fundi wa magari wa Maganzo. Aliugua wiki tatu tu. Kabla sijavua nguo za msiba nikapoteza na gari lake, na hilo ndilo lililonitoa nyumbani.

Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, la watu wawili, la mbio, halina paa. Mzungu mmoja mhandisi wa mgodi wa almasi wa Mwadui aliliacha nyuma ya karakana aliporudi kwao, na Masanja akapewa kama chuma chakavu. Kuku wetu walitagia ndani yake mwaka mzima. Baadaye akaanza kulitengeneza, na kazi hiyo ilimchukua miaka tisa. Mbao za sakafu zilikuwa zimeliwa na mchwa, akaweka za mninga. Viti alivishona kwa ngozi ya ng'ombe. Lilikuwa na kabureta mbili, naye alizisikiliza kwa kipande cha mpira wa maji alichokitia sikioni, akifungua hiki na kukaza kile mpaka zote mbili zivute pumzi sawasawa. Boliti zake zilikuwa za inchi, kwa hiyo alitafuta spana za inchi moja moja, kila alipopita. Watu wa Maganzo waliliita Kaptula, kwa kuwa lilitembea limevaa nusu.

Sitadanganya, sikulipenda gari lile. Nilimwambia mara nyingi aliache, tununue ng'ombe. Lakini hakuwa na msaidizi, na aliyemshikia tochi, spana na waya miaka yote ile ni mimi. Elimu yangu ni darasa la nne. Gari lile nililijua kwa mikono.

Siku ya kumaliza matanga nilikuwa nimekaa chini ndani, nimejifunika, sisemi na mtu. Shija, mdogo wake marehemu, akasimama mlangoni na kuwaambia wazee kwamba gari la kaka yake atalipeleka kwake Geita akalitunze, lisije likaharibika. Akauliza kama mjane ana neno. Mjane hakuwa na neno. Alikuwa hana hata sauti. Wazee wakasema amenyamaza, basi amekubali. Kesho yake asubuhi Kaptula likaondoka, na sanduku la vifaa likabaki kwa sababu hakuna aliyejua ni la nini.

Miezi mitano baadaye dereva wa lori la pamba akaniletea habari. Kaptula limeungua waya huko Geita, halitembei, na Shija amekubaliana na wachimbaji fulani walitoe injini ikazungushe pampu ya kuvuta maji shimoni. Fundi wa huko, akasema dereva, anawaambia watu kwamba kosa ni la marehemu, alifunga betri kinyume.

Nilisimama mlangoni na ungo mkononi. Kwamba wamechukua gari, nilikuwa nimeanza kuzoea. Lakini kumwita Masanja mtu asiyejua betri, na yeye yuko chini ya udongo hawezi kujibu! Nikajua saa ileile walichokifanya. Nikafungua sanduku la vifaa, nikabakiza humo spana za inchi, na katauti ya akiba ambayo Masanja aliinyofoa kwenye gari jingine la aina ile. Katauti ni kile kisanduku kinachopokea umeme wa dainamo na kuupeleka kwenye betri. Nilikuwa na hakika ile ya kwao imeungua.

Alfajiri nilitoka Maganzo kwa basi hadi Shinyanga mjini, na Shinyanga nikasubiri hadi saa saba kupata gari la kwenda Kahama. Barabara ilikuwa kavu, vumbi jeupe, mashina ya pamba yamekwisha kung'olewa na kuchomwa. Njia nzima nilikuwa nawajibu watu ambao hawakuwepo.

Jioni nilifika Kahama, nikalala Nyasubi kwa Mama Milembe, ambaye tulikuwa majirani kabla hajaolewa huko. Alinipa maji ya kuoga na ugali wa mtama, akasikiliza yote, halafu akasema anavyoona yeye.

"Mama Kabula, utagombana na ukoo mzima kwa ajili ya gari lisilo na paa?"

"Lina paa. La turubai."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Kisha akaniuliza kwa upole nikilipata nitalifanyia nini, na mimi siwezi kuendesha. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Nilichojua ni kwamba halitachinjwa kwa kosa ambalo Masanja hakulifanya.

Siku ya pili nilipata nafasi juu ya lori lililokuwa linapeleka chumvi na mabati Geita kupitia Kakola. Tulipanda na wachimbaji wanne wenye sululu na makarai. Lori lilipoingia mashimo, sanduku langu lililia kama kengele, na mmoja wao akaniuliza kama nimebeba dhahabu. Nikasema ni spana.

"Spana za nini, mama?"

"Za inchi."

Wakacheka, wakasema dhahabu siku hizi inapimwa kwa inchi. Mwingine akaniambia nimtunzie moja, akifa mkewe apate cha kugombania na shemeji. Hakujua alichosema. Nikageuza uso upande wa miti. Baada ya Kakola misitu ya miombo ilifunga pande zote, kisha vilima vya mawe vikaanza, na kando ya njia udongo mwekundu uliochimbuliwa na watu, lundo baada ya lundo.

Saa tisa alasiri tulifika Geita. Sikwenda nyumbani kwa Shija kwanza. Nilikwenda gereji, kwa maana nilitaka kuona kabla sijaambiwa. Ilikuwa uwanja wenye uzio wa mabati, magari mengi yamesimama juu ya mawe. Kaptula lilikuwa mwisho, boneti wazi, kiti kimoja kimetolewa na fundi amekikalia akinywa chai. Ngozi aliyoishona Masanja kwa sindano ya magunia! Nilisimama nikakitazama kiti kile mpaka yule fundi akainuka mwenyewe.

Alikuwa anaitwa Salumu, mtu wa Kahama, baba yake alitoka Pangani, mpole wa maneno. Alinisalimia shikamoo, nikasema marahaba, nikamwambia mimi ni mke wa aliyelitengeneza gari hili. Akanipa pole. Kisha, kwa heshima kabisa, akaniambia gari lilikuwa zuri ila marehemu alikosea. Akanionyesha kwenye ukuta wa injini maandishi mekundu ya Masanja, CHANYA BODI, ambayo yeye Salumu alikuwa ameyapiga mstari kwa chaki.

"Tazama mama. Kila gari duniani, hasi ndiyo inafungwa bodi. Yeye alifunga chanya. Mimi nimerekebisha."

"Uliporekebisha ikawaje?"

Akasema liliwaka, likaenda hatua chache, moshi ukatoka chini ya dashibodi.

"Siku nyingi liliendeshwa Maganzo likiwa limekosewa," nikamwambia. "Halikutoa moshi. Limetoa moshi lilipopata fundi."

Watu wa gereji wakaguna. Nikamweleza kama nilivyoelezwa mimi, usiku na mchana, na mtu aliyekuwa hana mwingine wa kumweleza: magari ya zamani ya Waingereza, chanya ndiyo inafungwa bodi, na dainamo yake imezoeshwa hivyo. Ukigeuza betri peke yake, dainamo inasukuma huku na betri inasukuma kule, katauti inaungua, na waya zinafuata. Salumu alisema ana miaka kumi na mitano kwenye betri na hajaona kitu hicho. Nikamwambia leo atakiona.

Wakati huo Shija akafika, ameitwa. Alikuwa amenenepa. Alinikaribisha vizuri, akauliza habari za mwanangu Kabula, akalalamika kwamba sikupeleka taarifa wachinje kuku. Nikamwambia nimefuata gari. Akacheka, maana mimi na yeye tulikuwa na utani wa shemeji tangu nilipoolewa, na mbele ya watu akaona huo ndio mlango wa kutokea. Alisema gari limekufa, wenye pampu wanakuja kesho kutoa injini, na kaka yake angefurahi kuona kitu chake kinafanya kazi.

"Lakini likiwaka leo, shemeji, panda uende nalo," akasema. "Hata mahari nitakurudishia."

Gereji nzima ikacheka. Mimi nikafungua sanduku.

Salumu hakuwa mtu wa kiburi, hilo lazima niliseme. Alipoona katauti nzima mkononi mwangu alikunja mikono ya shati. Alibadilisha waya zilizoyeyuka, moja moja, akiniuliza rangi, nami namwambia. Spana zake za milimita zilikuwa zimeviringisha vichwa vya boliti mbili za Masanja, na zile za inchi zilipokaa sawasawa alizigeuzageuza mkononi. Akafunga katauti. Akageuza betri, chanya bodi. Halafu nikamwambia bado dainamo haijaamshwa, kwa kuwa walikuwa wameichanganya akili. Nikachukua kipande cha waya, ncha moja kwenye kichwa cha betri kisicho cha bodi, ncha nyingine nikagusa ule mkia mdogo wa dainamo, mguso mmoja tu, cheche ikaruka. Kazi hiyo ilikuwa yangu siku zote. Masanja alisema mkono wangu ni mwepesi.

Jua lilikuwa linashuka Salumu alipokaa na kuvuta kitasa cha kuwashia. Injini ikakohoa mara mbili, ikashika. Watu wakapiga makofi, lakini mimi sikuangalia injini. Niliinama kwenye dashibodi kuangalia ile saa ndogo inayopima umeme. Salumu akaongeza mafuta, na mshale ukatoka katikati ukalala upande wa kuchaji. Ukatulia pale. Hakuna moshi.

Salumu alizima, akakaa na mikono juu ya usukani. "Hakukosea," akasema, kwa sauti ya chini.

Nilimgeukia Shija nikaomba funguo ya buti na turubai la paa. Akasema, "Shemeji, nawe. Ule ulikuwa utani."

Hapo ndipo yote niliyoyajibu njiani peke yangu yalipotoka, na yalitoka machache.

"Siku unalichukua ulisema unakwenda kulitunza. Na ule ulikuwa utani?"

Alitazama watu. Akaanza kusema kwamba wazee waliuliza, kwamba mimi mwenyewe nilikubali.

"Nililia siku arobaini nikaishiwa sauti. Mkanihesabia hiyo kuwa ndiyo."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa gereji, aliyekuwa anaziba pancha, akasema bila kuinua kichwa kwamba maneno ya likiwaka panda uende nalo ameyasikia yeye pia. Shija alitoa funguo mfukoni, akaiweka juu ya boneti, hakunipa mkononi. Akaondoka. Mpaka leo naandika haya hajakanyaga kwangu, na sitasema haliniumi. Ana sura ya Masanja akitembea.

Usiku ule nililala kwa mke wa Salumu. Alfajiri Salumu akasema atanipeleka mpaka Kahama, ana mama yake pale. Petroli aliipata anakojua yeye, maana miaka ile bila kibali hupati. Ikatosha kujaza nusu ya tangi. Niliketi kwenye kiti kilichorudishwa mahali pake, kanga mbili kichwani, upepo unaingia puani na mdomoni. Nilikuwa nimewahi kupanda mara tatu tu katika uhai wa Masanja, kila mara nikinung'unika juu ya vumbi. Vumbi lilikuwa lilelile. Nililia, na kwenye gari lisilo na paa hakuna anayekuuliza, upepo unakukausha.

Katika safari ile nilijifunza jambo moja la kuwaambia wanawake wenzangu: mkiwa kwenye msiba mkaulizwa neno, semeni hata la kuomba maji. Kimya chenu wanakisoma wanavyotaka wao.

Baada ya Kakola, saa tano hivi, petroli ikaisha. Hakukuwa na gari jingine. Mkulima mmoja alitokea na ng'ombe wanne na plau, anatoka kuandaa shamba. Alisalimia Kisukuma, akalizunguka Kaptula akiinama kama anayenunua ndama, akaniita mama kwa lugha hiyo, akauliza, "Mayu, gali hili linakula nini?" Nikamwambia linakula petroli, na limeshinda njaa. Akasema atatuvuta hadi kijijini kwake, akafungua plau, akafunga mnyororo kwenye chuma cha mbele, polepole, akiuliza kwanza afunge wapi pasivunjike.

Salumu alishika usukani, mimi nikatembea kando na huyo mkulima. Ng'ombe walikwenda taratibu na Kaptula likafuata bila kelele, magurudumu yake ya spoku yanazunguka wala hayayumbi. Mkulima aligeuka nyuma mara kwa mara kulitazama. Mwishoni akasema linateleza vizuri kuliko mkokoteni wake, akauliza nani alilitengeneza.

Nilifungua mdomo, lakini Salumu alinitangulia kutoka kwenye kiti.

"Fundi Masanja wa Maganzo," akasema. "Kama una mkokoteni mbovu ungempelekea yeye. Sasa ni marehemu."

Mkulima akavua kofia, akanipa pole kwa Kisukuma, akawaita ng'ombe wake kwa majina, na tukaendelea.