Jina la Mama kwenye Kompyuta ya Zahanati

Haya sikusimuliwa. Yalinipata mwenyewe, mchana kweupe baada ya sala ya alasiri, udhu ningali nao, katika zahanati yetu ya Kigombe ambako mimi ndiye mshika funguo.

Friji ya zahanati ndiyo inayotunza insulini ya mke wangu. Ndani yake kuna kipimajoto kilichounganishwa na kompyuta, na friji ikipata joto, programu hunitumia ujumbe kwenye simu. Tatizo lilikuwa moja. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta iliwaka yenyewe, lakini programu ililala mpaka mtu aianzishe kwa mkono. Siku moja tulisahau. Dawa ziliharibika, na mke wangu nusura nimzike. Ndipo nikaita fundi kutoka Ngamiani.

Akaingia mwanamume mrefu, shati jeupe. Nikamtolea salamu, hakuitikia. Shikamoo pia hakuna. Nikasema moyoni, watu wa mjini hawa. Hapo ndipo nilipokosea.

Akaketi, akabofya. "Programu itaanza kwa jina la nani?"

"Andika langu."

"Na mama yako aliitwa nani?"

Sisi watu wa pwani tunajua: anayetaka kukufunga kwa uchawi huanza na jina lako na la mama yako. Lakini hata benki si huuliza? Nikamtajia.

Akachomoa waya wa kompyuta, akauchomeka tena. Mashine ikawaka, programu ikaanza yenyewe, na mdomo wangu ukasema, "Nne." Wallahi, sikuuamuru. Nikatazama kioo cha kompyuta: joto la friji, nyuzi nne. Nilipogeuka, kiti kitupu.

Nesi Mwanaidi akachungulia, akacheka. "Babu, umekuwa kipimajoto?"

Kabla sijamjibu, simu ikalia. "Shikamoo mzee. Mimi fundi wako. Pikipiki imeniharibikia, nitafika kesho."

Alipofika, alihangaika hadi adhuhuri. "Mzee, nani kakufanyia hii? Nikiifuta inarudi. Inaanza hata kabla mashine haijaamka vizuri." Akanionyesha jina langu, na chini yake la marehemu mama.

Tangu hapo, umeme ukirudi Kigombe, popote nilipo natamka joto la friji. Nimetamka nikiwa nimesujudu, sala ikabatilika. Nilikuwa Moa, harusini kwa binti yangu, tonge la pilau mkononi, nikapaza sauti, "Kumi na moja!" Watu wakacheka. Nikampigia Mwanaidi. Umeme ulikuwa umerudi dakika ile, na mlango wa friji umeachwa wazi.

Dawa haijaharibika tena. Mke wangu yu hai, alhamdulillah, na neema ya Mola siikatai. Lakini nimemuusia: nikifa, kabla hamjaniosha, chomoeni ule waya. Umeme utarudi tu, nami sitaki kuitika nikiwa kaburini.

Akauliza, "Na dawa yangu, mume wangu?"



Basi nawe unayesoma, nisikilize. Mgeni asiyeitikia salamu yako usimtajie mama yako, hata akisema ni mashine ndiyo inayouliza.