Boza langu la kukimbia mazombi

Naandika nikiwa nimeoga mara tatu, na hasira bado ninazo. Jumapili mume wangu na mdogo wake Yona walikaa barazani hapa Area D wakibishana: mazombi wakiivamia Dodoma, utakimbia na gari gani? Yona akataka pikipiki. Mume wangu akataka Landikruza, kisha akaniangalia: "Ila wewe, mama Seche, na huyo mtoto mtatuchelewesha."

Mtatuchelewesha! Kwani mtoto wa nani?

Nikawaambia gari ni boza la maji. Mazombi hawajafika na tayari mabomba yamekauka. Mwenye boza ndiye atakayepona. Wakacheka mpaka wakakohoa. Tukawekeana dau: atakayeshindwa atafua nepi mwezi mzima.

Kutazama barabarani, boza limesimama kwa jirani. Mtaani kwetu ukiona boza huulizi, unakimbia na ndoo. Nikakimbia, mtoto mgongoni, nikafungua koki huku nikitamba, "Njooni muone uhai!"

Wakaja. Kilichotoka kilikuwa cheusi, kikanirukia miguuni.

"Dada, funga!" dereva akapiga kelele akitoka kwa jirani. "Hayo nimeyanyonya chooni!"

Mtaa mzima ukaangua kicheko. Mume wangu na Yona walishafika mbali, wameziba pua. Nimeaibika, sikatai. Lakini nilifunga koki, nikasimama palepale, nikapaza sauti:

"Nyie wazima mmekimbia! Zombi gani atalisogelea gari hili?"

Dau nimeshinda mimi. Nepi zipo kwenye beseni, baba Seche.