Siku mpishi wa chuo chetu cha Changamwe alipopiga kura ya kuamua nani abaki

"Nani alimpa mpishi kura?"

Wakuu, hilo ndilo swali prinsipali aliloniuliza Ijumaa moja saa tisa na nusu mchana, mbele za watu, na jibu lake la kweli nililipata miaka mingi baadaye.

Salamu kwenu nyote, wa pwani na wa bara. Ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu. Nilichobadilisha ni majina tu.

Kabla ya kwenda university nilisoma diploma kwenye chuo kimoja cha jamii, Changamwe, upande wa matangi ya mafuta. Malori yakipita, mwalimu anaacha kufundisha mpaka kelele zitulie. Ni chuo cha zamani, kilianza miaka ya arobaini kama karakana ya kufundishia mafundi.

Nilikuwa katibu wa baraza la wanafunzi. Sikuchaguliwa kwa umaarufu. Wenzangu walisema huyu wa kuuliza "kwa nini" kila saa tumpe kalamu, akiandika atanyamaza.

Sikunyamaza.

Sasa sikieni. Chuo kilikuwa na sheria: ukikosa darasa zaidi ya mwezi mmoja bila barua, jina lako linafutwa. Mlango uliobaki ulikuwa mmoja tu. Baraza likikuombea kwa kura nyingi, prinsipali hana ruhusa ya kukataa.

Kulikuwa na mwenzetu, Kadzo, wa Timbwani kule Likoni. Alisomea umeme, msichana pekee katika darasa lao. Mama yake aliteleza akavunjika mguu, na Kadzo akabaki nyumbani wiki saba akimuuguza na kulea wadogo zake wanne.

Barua hakuandika. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kana kwamba mimi ni mjinga.

"Ningeiandika saa ngapi, na mikono yote miwili i ndani ya beseni?"

Usajili wa mtihani ulikuwa ukifungwa Ijumaa hiyo saa kumi jioni. Asiposajiliwa, miaka miwili imekwenda, na kwao hakukuwa na mtu wa kumsomesha upya. Alikuwa ameketi kwenye ngazi nje ya chumba cha mkutano, viatu vimejaa mchanga.

Tulianza saa saba. Wajumbe wanane.

Mwenyekiti wetu, Kahindi, alipinga, na si kwa roho mbaya. Alisema, "Muhula uliopita tulimkatalia Mutua kwa kosa hili hili. Leo tukimsamehe Kadzo, Mutua tumwambie nini? Kwamba kosa lake ni kutoka Ukambani, si hapa pwani?"

Hata mimi niliyekuwa upande wa Kadzo niliiandika hoja hiyo neno kwa neno.

Tukapiga kura. Nne kwa nne.

Nikafungua katiba ya baraza kutafuta sheria ya kura zikilingana. (Wakuu, mmewahi kuisoma katiba ya chuo chenu? Mimi nilikuwa katibu muhula mzima na sikuwa nimefika ukurasa wa pili. Mimi, mtu wa kuhoji kila kitu!) Sheria nikaiona: kura zikilingana, ombi limeanguka.

Lakini juu yake kulikuwa na orodha ya wajumbe. Nikahesabu. Wanane ni sisi. Wa tisa ameandikwa: *Mpishi wa chuo.*

Nikasoma mara tatu. Kisha nikatoka mbio, nikamruka Kadzo pale kwenye ngazi.

Mama Dama, mpishi wetu, alikuwa jikoni akisonga sima.

"Shikamoo Mama Dama."

"Marahaba. Chakula bado."

"Sikuja kula. Wewe ni mjumbe wa baraza la wanafunzi!"

Mwiko ukasimama. "Nimeiba nini?"

"Hujaiba! Una kura. Imeandikwa."

Akaisoma mwenyewe, polepole, kidole chini ya kila neno. Kisha akaniangalia. "Yaani miaka yote hii mwanitukania maharagwe, kumbe mimi ni mkubwa wenu?"

Akavua aproni, akafunga leso vizuri, tukaondoka.

Kahindi alipomuona akacheka. "Mpishi naye apige kura ya nini? Ya chumvi?"

"Hata hiyo ya chumvi hamkuniuliza, baba," akajibu, akavuta kiti.

Nikamweleza jambo lote. Akasikiliza hadi mwisho, halafu akauliza ambalo sisi wanane hatukuliuliza.

"Wiki hizo saba, nani kati yenu amemuona Kadzo?"

Hakuna.

"Mimi nimemuona. Kila Alhamisi. Wenzake waniachia madaftari kwenye rafu ya sufuria, naye aja kunakili, aketi juu ya gunia la mkaa. Siku nyingine alala na kalamu mkononi. Namwamsha kwa mwiko."

Kahindi hakukubali upesi. "Na Mutua, mama?"

"Mutua mlimkosea. Sasa mimi nikiunguza sufuria moja ya wali, niunguze na ya pili ili zifanane?"

Mtu akaangua kicheko, kisha chumba kizima. Mama Dama peke yake hakucheka. Aliinua mkono, bado una unga.

Tano kwa nne!

Wallahi nililia. Kahindi alikuwa ameshindwa, lakini alitia sahihi barua ya ombi bila kinyongo, akatangulia mbio kwenda ofisini. Sisi nyuma yake, Kadzo viatu mkononi, Mama Dama akihema na kutulaumu kwamba sima yake inaganda.

Hapo ndipo prinsipali alipouliza swali lake. Nani alimpa mpishi kura? Nikasema, "Sheria, mwalimu." Akasema sheria haijitungi. Nikampa katiba. Akaisoma, akavua miwani, akaisoma tena. Kisha akatia sahihi.

Kadzo alifika dirisha la usajili zikiwa zimebaki dakika chache. Leo ni fundi wa umeme, na nyumba kadhaa za Kiembeni zinawaka taa kwa mikono yake.

Mutua je? Kahindi mwenyewe alimtafuta, akamkuta kwenye yadi ya malori. Mutua alisema asanteni, lakini nimeshazoea huku. Hakurudi. Hilo laniuma mpaka leo.

Mama Dama hakukosa mkutano tena. Ajenda yake ya kwanza ilikuwa bomba la maji la jikoni.

Somo nililopata ni hili: isome sheria inayokutawala mpaka mwisho, hata ile sehemu inayochosha. Na kabla ya kuamua juu ya mtu, muulize anayemuona wewe usipokuwepo. Wenye visa vya mabaraza ya vyuo vyenu, leteni. Wanaosema mpishi hakustahili kura nao waje, tubishane.

Kuhusu swali la prinsipali. Kwa miaka nilijiambia kwamba mwanzilishi mmoja mwenye busara alitaka jiko liwe na sauti. Niliandika hivyo hata kwenye insha ya chuo kikuu, nikapewa alama nzuri.

Miaka sita baadaye chuo kilihamisha stoo, na mtunza maktaba akanipigia simu. Ndani ya kasha la bati mlikuwa na kumbukumbu za mkutano wa kwanza kabisa, za miaka ile ya arobaini, wino umefifia. Wanafunzi wanane wametajwa kwa majina, karani akiwa mmoja wao. Kisha: *Mpishi ameingia na chai. Sukari hakuna, kwa sababu ya vita.* Mstari unaofuata: *Imekubaliwa kwamba wote waliomo chumbani ni wajumbe.*

Karani akahesabu vichwa, akaandika tisa.