Wimbo wa Mtu Anayerudi Kwao

Nakumbuka mchana mmoja wa miaka ya hamsini, mpunga ukiwa umeanza kuiva kando ya Tana, baba alipoweka debe lake chini akawaachia ndege shamba. Mjukuu wangu, umenionyesha kwenye simu yako orodha ya nyimbo za piano zinazopendwa na watu, ukaniuliza uanze kujifunza upi. Kabla sijakujibu, acha nikueleze jambo ambalo hata mama yako sijapata kumwambia.

Kijijini kwetu, chini kidogo ya Garsen, palikuwa na misheni, na kanisani mwake mlikuwa na piano moja. Miguu yake ilisimama ndani ya makopo ya mafuta ya taa ili mchwa wasiipande, na masika yakiingia, vibao vingine vya kupigia vilivimba vikagoma kuinuka. Aliyenifundisha ni Bibi Hana, mzungu mzee aliyekuwa akitufundisha wasichana kushona. Alikuwa na kitabu kimoja cha nyimbo za zamani za kwao: wa kubembeleza mtoto, wa mvua, wa kucheza kwa hatua tatu, na mmoja wa polepole ambao mkono wa kushoto hutembea tu, na wa kulia hulalamika juu yake. Majina ya kizungu yalinishinda, nikaachana nayo.

Shamba letu lilipakana na ua wa misheni. Baba alikaa kutwa juu ya dungu, kile kichanja cha kuamia ndege, akipiga debe wasile mpunga. Lakini nilipoanza ule wa polepole, debe lilinyamaza. Mama alimgombeza kwamba mpunga unaliwa naye yupo anatazama.

"Waache wale kidogo," baba alimjibu. "Namsikiliza mtu anarudi kwao."

Ndivyo alivyouita tangu siku hiyo, na sisi sote tukauita hivyo.

Kumbe mimi sikuwahi kuumaliza. Nusu ya pili ilikuwa na mahali pagumu kwa vidole, tena nani angenisifu kwa wimbo wa polepole? Nilifika katikati nikauacha, nikarukia ule wa mvua, ambao mikono hukimbizana na watu hujaa madirishani. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilipenda kutazamwa, sikufichi.

Jioni moja tukila, baba aliniuliza, "Hawayu, mama, yule mtu hufika kwao, au hulala njiani? Kila siku unamwacha palepale."

"Hufika, baba. Nitakupigia mpaka mwisho wageni wakishaondoka."

Wageni wa misheni walikuwa wanakuja kwa boti kutoka Kipini, na mimi sikuwaza kingine ila kuwapigia wimbo wa mvua. Baba alisema haya, atangoja. Hakuwa mtu wa kumsukuma mtu.

Wageni walikuja, wakapiga makofi, wakaenda zao. Siku hiyohiyo ningeweza kukaa na kitabu, lakini nilikuwa bado nimelewa sifa, nikajiambia kesho. Juma lile lile baba alishuka dunguni akitetemeka kwa homa. Siku ya tatu akafariki.

Kwenye maziko mchungaji aliniomba nipige ule wimbo aliokuwa akiupenda marehemu. Nilikaa, nikaanza. Nilipofika palepale, vidole vikasimama, kwa sababu mbele ya hapo sikupajua. Nilibaki nimeinamia piano mikono ikiwa juu yake. Wanawake wakanijia, wakanishika mabega, wakasema maskini, kilio kimemzidi. Nami nikajiachia nishikwe. Niliona aibu ambayo mpaka leo haijaniisha, na sikumwambia yeyote kwamba haukuwa uchungu ulionisimamisha. Bibi Hana peke yake alijua. Alifunga kitabu taratibu, asiniangalie usoni.

Baada ya matanga nilirudi kwenye ile nusu ya pili. Unajua ilinichukua muda gani? Mchana wa siku tatu. Tatu tu, mwanangu. Siku ya nne nilifungua madirisha yote nikaupiga mpaka mwisho, na nikaona kwamba kweli yule mtu hufika, maana wimbo hurudi kule ulikoanzia kisha hutulia. Nilipomjibu baba nilisema tu, sikuwa najua. Shambani kwetu alikuwa amekaa mjomba juu ya dungu, na debe lake halikunyamaza hata mara moja.

Basi jibu langu ni hili. Katika orodha yako anza na ule wa polepole, ule ulioupita haraka kwa sababu hautakupatia makofi. Ujifunze wote, na pale pagumu ndipo ukae zaidi. Na mtu wa nyumbani kwako akikuomba wimbo, mpigie yeye kwanza, wageni baadaye. Kinachoombwa na anayekupenda huwa ni kidogo, na ni kwa udogo wake tunakiahirisha.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe vidole vyepesi na moyo usio na haraka, na akujalie kila wimbo uufikishe mwisho wakati aliyekuomba bado anasikiliza.