Itoka Katikati ya Majani Chai

Pale soko la Gakoromone, mjini Meru, mchana, watu wanapopungua na nzi kuanza kutua juu ya ndizi zilizoiva, mimi husikia maji. Wenzangu husema ni usingizi. Labda. Lakini maji hayo nayajua. Ni maporomoko ya kule Kibugu, chini ya shamba nilikoolewa, na nimeyasikia kwa zaidi ya miaka ishirini nikiwa mbali nayo, nimekaa juu ya gunia langu nikipanga ndizi.

Nilitoka kwa baba yangu, karibu na Kangeta, huku huku Meru, nikaolewa Embu. Mume wangu anaitwa Nthiga. Sisemi aliitwa, kwa maana bado yuko hai na bado anakula. Nilimzalia msichana mmoja, tukampa jina la mama mkwe, Marigu, kama ilivyo desturi. Aliishi msimu mmoja wa mvua. Kifua kilipomchukua, Nthiga alikuwa Mwea akipakia magunia ya mpunga, na baba mkwe alikuwa hoi kitandani. Mtoto mdogo vile hakuitiwa watu. Mimi na mama mkwe tulimbeba alfajiri, tukamlaza huko mwisho wa sehemu iliyolimwa, mahali ambapo sauti ya maji hufika vizuri.

Mama mkwe alikuwa amefunga tunguu la itoka kwenye pindo la leso. Itoka ni yale maua meupe yenye mistari ya waridi ambayo wazee walikuwa wakipanda mipakani. Mtu akiyakuta shambani hayang'oi, hata awe mlevi, hata awe mchungaji wa kanisa. Anayeng'oa itoka anajiitia laana ya waliokufa, na sijasikia aliyethubutu. Mama mkwe alilipanda lile tunguu juu ya mtoto, akashindilia udongo kwa nyayo zake.

"Sasa hakuna jembe litakalomgusa," akaniambia.

Nthiga alirudi baada ya wiki moja. Aliuliza kama ng'ombe amezaa. Nikamwambia amezaa, akaenda kumwangalia ndama. Mtoto tulimlaza wapi, hakuuliza siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Sikushika mimba tena. Mama mkwe alipokufa, sikubaki na wa kunisemea. Nthiga alimleta mwanamke mwingine, akatoa vitu vyangu akavipanga langoni: sufuria, blanketi, na kikapu changu cha kuchumia majani chai. Nilimuuliza habari ya ile chai niliyoipanda kwa mikono yangu, mche kwa mche, nikiwa na mimba. Alikuwa akichokonoa meno kwa kijiti.

"Wewe ulikuja kuolewa," akasema. "Mambo ya shamba hayakuhusu."

Aliyasema hayo mbele ya watu, na watu wakatazama chini. Sijamsamehe. Kanisani, tukifika mahali pale kwenye sala pa kusamehe waliotukosea, mimi hufunga mdomo mpaka papite.

Basi mwaka huu kijana mmoja anayeitwa Thuranira alipita sokoni akionyesha picha kwenye simu. Kazi yake ni kukodi gari na kuwapeleka watu matembezi ya siku moja, wanakwenda asubuhi na kurudi jioni. Ijabo, mtu wa nchi kavu ya kaskazini, anayeuza leso na vitambaa mkabala na mimi, aliichukua ile simu akanisogezea.

"Nkirote, tazama. Maji haya watu wanakwenda kuyaangalia tu. Kwetu sisi tungeyanywa kwanza, halafu tuyaangalie."

Nikaona mwamba uliolala kama ng'ombe anayecheua, na maji yakigawanyika mgongoni mwake. Mkono wangu ukasimama juu ya kichana cha ndizi.

"Nataka kwenda," nikasema.

"Wewe? Hata harusi ya mtoto wa dada yako ulisema ndizi zitaoza."

"Zioze."

Ijabo alirudisha simu. Yeye ni mtu anayejua kuacha swali lipite. "Basi na mimi naenda," akasema. "Ukiteleza nani atakushika? Thuranira mwenyewe ni mwembamba kama kiberiti."

Sikumwambia kitu. Nilitaka jambo moja tu, kujua kama mtoto wangu bado amelala pale tulipomlaza. Chai hung'olewa ikizeeka. Mashamba huuzwa. Tingatinga huja likafukua bila kuuliza nani yuko chini. Kama itoka ipo, yupo. Kama haipo, ningekuwa nimesafiri kwenda kuangalia maji.

Tuliondoka Meru ukungu ukiwa bado umelala barabarani. Tukapita Nkubu, tukapita Chuka, na kila tuliposhuka kwenye daraja, baridi ya mto iliingia dirishani ikatoka upande wa pili. Wenzangu waliimba kidogo, wakachoka. Nilikuwa nikisinzia na kuamka, na sikujua vizuri lipi nimeliona nikiwa macho. Nilimwona mama mkwe akitembea kando ya gari, miguu mitupu, kikapu mgongoni. Gari lilikuwa linakimbia na yeye alikuwa anatembea tu, lakini hakuachwa nyuma. Alikuwa akichuma majani kutoka hewani na kuyatupa kikapuni. Nilipofumbua macho tulikuwa tumekwisha kupinda kuelekea mlimani, na chai ilikuwa imetuzunguka pande zote, kijani kibichi ndani ya weupe, kama kitu kilichofunikwa kisipoe.

Msichana mwenye buti za mpira alikuwa akitungoja, fimbo mkononi na filimbi shingoni. Ndiye aliyekuwa wa kututembeza.

"Karibuni Kibugu, akina mama. Mimi ni Joyline, binti ya Muturi. Shamba tutakalopita ni la kwetu, kwa hiyo mkiteleza mtaanguka kwa wenyewe."

Muturi ni mdogo wake Nthiga. Nilipofukuzwa alikuwa hajaoa. Nikautazama uso wa huyu msichana na kuona paji la uso la mama mkwe limewekwa pale bila kubadilishwa chochote. Yeye hakunijua. Angenijuaje?

"Mtu asitoke njiani," akasema. "Chini kuna utelezi."

Tukamfuata mmoja nyuma ya mwingine. Nyumba niliyopigia sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe haikuwepo. Palikuwa na nyumba ya mabati ya bluu, na kuku wasionijua. Ule mti mkubwa tuliokuwa tukianikia nguo chini yake ulikuwa umekatwa. Sikuwa na alama yoyote ya kushika. Lakini miguu ilikuwa inajua. Ilipunguza mwendo mahali pa kupunguza, ikaruka mfereji kabla macho hayajauona. Sauti ya maji ikawa inakuja, kwanza kama pumzi ya mtu aliyelala chumba cha pili, kisha kama iko ndani ya kifua changu mwenyewe. Nikasema moyoni, ni hapa karibu. Ikiwa ipo, ni hapa.

Joyline akasimama. "Hapa ndipo watu hupenda kupiga picha," akasema. "Mnaiona hii?"

Katikati ya chai palikuwa na kichaka cha itoka, kipana kama kitanda. Lile tunguu moja lilikuwa limezaa, na waliozaliwa wamezaa, na yote yalikuwa yamechanua kwa mvua ya wiki ile. Ukungu ulikuwa ukipita katikati ya maua polepole. Chai ilikuwa imepandwa kwa kuizunguka, ikaacha nafasi, kama watu wanavyoacha nafasi kwa mgonjwa.

"Huu ni mpaka wa babu yangu," Joyline akaanza, kwa ile sauti ya mtu aliyezoea kusimulia. "Babu alipokufa, baba yangu na baba mkubwa Nthiga walibishana shamba ligawanywe wapi. Baba mkubwa alidai sehemu yake inafika mpaka mtoni. Baba akamleta hapa, akamwonyesha itoka. Wazee wakaitwa, wakasema, mzee mwenyewe ameshasema. Wakanyoosha mstari kutoka hapa hadi kwenye lile jiwe. Ndivyo upande wa maji ulivyokuwa wetu."

"Na huyo baba mkubwa hakuing'oa?" Ijabo akauliza.

"Mama, nani anataka kufa? Huwa analalamika tu. Sisi tumemzoea kama redio."

Wanawake wakacheka. Mimi nilikuwa nimepiga magoti. Ijabo alidhani ni kizunguzungu, akanishika bega, kisha akauona mkono wangu juu ya majani yale marefu, akaniachia. Majani yalikuwa baridi, yamelowa. Nikamwambia mtoto maneno machache ya Kiembu, yale niliyokuwa nikimwambia nikimlaza.

"Ni nani anaongea Kiembu cha Kimeru hapo?" sauti ya mwanamume ikauliza.

Upande wa juu wa itoka, juu ya kigoda, alikuwa amekaa mzee mwenye fimbo nyingi zimeegemezwa kando yake. Alikuwa akizichonga ili wageni wazishikilie wakishuka kwenye maji. Alikaa pale pale mwisho wa upande wake, hakuvuka hata unyayo.

"Sauti hiyo ni ya Nkirote," akasema.

"Ni mimi."

"Umezeeka?"

"Huoni?"

"Sioni vizuri. Macho yameingia ukungu."

"Basi sijazeeka."

Ijabo akakohoa ndani ya mtandio wake. Nthiga akasimama akishikilia fimbo. Alikuwa amekonda, na shati lilikuwa limefungwa kifungo cha juu kwenye tundu la pili. Niliwahi kumwota akiwa hivyo, amechakaa, nikafurahi ndotoni. Sasa nilimtazama tu.

"Mungu ndiye amekuleta," akasema. "Wewe ulikuwa unatembea na mama humu kila siku. Sema mbele ya huyu msichana. Hii itoka ni baba aliyeipanda? Mimi nilikulia hapa. Nimeapa miaka yote hii kwamba haikuwepo, na hakuna anayeniamini. Sema, Nkirote."

Alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililonishangaza, kumsikia Nthiga akisema kweli na watu wakitazama chini, kama walivyotazama chini siku yangu. Joyline aliacha kuzungusha filimbi. Maji yalikuwa yananguruma huko chini, na ukungu ulikuwa ukimfunika Nthiga na kumfunua.

Nikamngoja. Sijui kama yeyote aliyekuwa pale alielewa kwamba nilikuwa namngoja. Ilikuwa imebaki kidogo sana. Angeuliza tu, yule mtoto mlimlaza wapi, ningemshika mkono nikauweka juu ya yale majani na kumwambia yote, hata kama ni yeye. Naamini ningefanya hivyo. Nikautazama mdomo wake.

"Sema basi," akasema. "Nikirudishiwa upande wa maji sitakusahau, nitakukatia kipande. Hiki kichaka nitakifukua mimi mwenyewe, nipande chai mpaka mtoni."

Kipande cha lile shamba nilikuwa nimekililia miaka mingi. Nilikililia nikiwa na mizigo mgongoni na nikiwa na homa. Sasa kilikuwa kimenyooshwa mbele yangu kama fimbo zile za wageni, nikishike au nikiache.

"Mimi nilikuja kuolewa," nikamwambia. "Mambo ya shamba hayakunihusu."

Akafungua kinywa. Nikaona yale maneno yakimrudia, yakitafuta mahali pao, mpaka yakapaona. Alikaa tena kwenye kigoda chake.

"Twendeni, akina mama," Joyline akasema, safari hii kwa sauti yake ya kawaida. "Maji yako hapo tu."

Tukashuka. Mwamba ulikuwa bado umelala, maji bado yakimpita mgongoni yule ng'ombe wa jiwe. Povu lilipanda hewani na kutushukia usoni, na kila mtu akawa mweupe, hana umri. Wenzangu walipiga kelele wakijipiga picha, lakini sauti zao hazikunifikia. Niliona midomo tu ikifunguka, kama samaki. Ijabo alisimama karibu nami, buibui limemgandama mwilini.

"Ni nani amelala pale?" akaniuliza sikioni.

"Marigu. Binti yangu."

Akasema maneno ya dini yake, polepole, akanishika mkono. Tukakaa hivyo mpaka filimbi ikalia.

Tulipokuwa tukipanda nilimsogelea Joyline. "Hii itoka utaendelea kuwaonyesha wageni?"

"Kila wakija, mama."

"Wasiikanyage."

"Haikanyagwi hii." Akanitazama kwa lile paji la uso la mama mkwe. Nilidhani ataniuliza mimi ni nani kwao. Akanipokea tu kikapu changu cha safari, akanibebea mpaka garini.

Wakati wa kurudi, jua lilikuwa limeingia upande wa dirisha langu na usingizi ulinijia tena, lakini mama mkwe hakuwemo. Ijabo akaniamsha kwa kiwiko.

"Tazama tulivyotoka," akasema.

Ni picha aliyoipiga Thuranira kwa simu ya Ijabo, kabla sijapiga magoti. Sisi wanawake wa Gakoromone tumesimama tukiizunguka itoka, wengine wameinama, mmoja ameweka mkono chini ya ua bila kuligusa, kila mtu anacheka. Katikati ni maua. Nyuma kabisa, pembeni, kuna mtu mwenye fimbo aliyekaa kigodani, ametazama upande mwingine.